Maandishi Mekundu

Kwenye shule yangu ya udereva wanafunzi wananiita Mama Breki, na si kwa mapenzi. Mtu akisogeza gari langu karibu na mtaro nampigia kelele mpaka wapita njia wanaruka. Sina subira, nakubali. Kwa hiyo nilipoamua maisha yangu yaandikwe kitabu, sikutaka kukaa kitako kuandika. Nilikodi mtu. Niseme mimi, aandike yeye, jina kwenye jalada likae langu. Kazi hiyo ipo, wala si wizi.

Alikuwa bwana mwembamba, mpole wa sauti. Nikambandika jina Bwana Maswali, maana hakujua kingine. Nikisema gari langu la kwanza lilikuwa bovu, atauliza bovu wapi, injini au giaboksi? Nani alikusindikiza kulinunua? Ulivaa nini?

"We bwana," nikamwambia, "umetumwa na polisi?"

Akacheka, kisha akanieleza utaratibu wake. Kila sura atanitumia kwenye simu. Maneno meusi ni yale niliyoyasema mwenyewe. Maneno mekundu ni yake, ameyabuni ili habari isikatike katikati, na ni juu yangu kuyasoma na kumwambia mambo yalivyokuwa hasa.

"Mekundu yakiisha, kitabu ni chako," alisema. "Yakibaki, bado ni changu."

Mdogo wangu alipopata habari alikuja ofisini, utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni. Ni fundi cherehani, na kwetu tumezaliwa wawili tu. Yeye ndiye aliyemuuguza mama miaka yake ya mwisho. Mtoto wa kiume! Alimpikia uji, akamwogesha, akamfulia mashuka, majirani wakamcheka weee mpaka wakachoka wenyewe. Mimi nilikuwa natuma hela na kusema kesho nakuja. Hajawahi kunisuta hata siku moja. Alikunywa maji, akaweka glasi mezani.

"Dada, mimi sina kubwa," alisema. "Kitabu chako, jisifu utakavyo. Ila pale kwa mama paseme kweli. Nisije nikafungua nikamkuta mama wa watu wengine."

"Ondoa shaka," nikamjibu. Na wakati nasema nilikuwa namaanisha.

Zamu ya mama ilipofika, Bwana Maswali akauliza kama kawaida yake: siku aliyofariki, nani alikuwa naye? Nimjibu nini? Kwamba mimi nilikuwa nazindua tawi la pili la shule, mkasi mkononi, nacheka na wapiga picha, na simu inaita ndani ya mkoba?

"Mama alifariki, basi," nikasema. "Hapo ruka. Weka kitu kizuri."

"Nitaweka mekundu," akasema.

Sura ilipoingia kwenye simu, nilikuwa na mwanafunzi anayerudi kinyumenyume huku ameulenga ukuta. Nikatupa jicho, nikaona ukurasa mzima umewiva wekundu, nikafunga. Nikamwandikia: Safi sana, songa mbele. Akapiga: umesoma? Nimesoma. Hakuridhika. Akaja mwenyewe na karatasi, akaziweka mbele yangu, akasubiri kama mdai.

"Nimekukodi uandike," nikamfokea, "sikukukodi unipe mtihani!"

Akazikusanya karatasi zake moja moja. "Basi nayageuza meusi," alisema.

Wala kazi haikuwa imenizidi kiasi hicho. Niliogopa, ndiyo kweli yenyewe. Niliogopa kusoma uongo mzuri, halafu niufute kwa mkono wangu na kuandika pale kwamba sikuwepo.

Kitabu kikatoka, jalada linang'aa, picha yangu nimeegemea gari. Tukafunga maturubai kwenye uwanja wa shule, ukoo ukaja, wanafunzi wa zamani wakaja. Mdogo wangu alikaa mstari wa mbele ndani ya suti aliyojishonea kwa ajili ya siku ile. Mshereheshaji, mwalimu mmoja wa pale pale shuleni, akanipa kipaza sauti na kitabu, akapayuka, "Atusomee habari za mama! Mama hana mfano, jamani!"

Watu wakapiga makofi. Nikafungua. Hapo ndipo nilipoisoma sura ile kwa mara ya kwanza, pamoja na wageni wangu.

"'Tangu asubuhi nilipiga magoti kando ya kitanda,'" nikasoma. "'Mkono wa mama sikuuachia. Akaniita jina langu la utotoni, akatabasamu, akapumzika.'"

Ningeweza kunyamaza baada ya sentensi ya kwanza. Mdomo ukaendelea tu, tena kwa madaha, na sauti ya huzuni nikaitia mwenyewe. Mdogo wangu alikuwa anajipepea kwa nakala yake. Akaacha. Huku na huku watu wanafuta machozi, kigelegele kikapigwa nyuma.

Shangazi yetu anaishi mbali, msiba ule aliufikia baada ya maziko, na mdomo wake haujui kupumzika. Akainuka. "Huyo ndiye mtoto! Na wewe, fundi, dada yako amepiga magoti kutwa nzima, wewe ulikuwa wapi?"

Mdogo wangu alitazama viatu vyake.

"Nilikuwa nimetoka, shangazi," alisema. "Nilienda dukani."

Watu wakaguna. Wengine wakamsonya waziwazi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kitabu changu mkononi. Kunifichia aibu, amejivika yeye!

"Mwongo!" nikasema, na spika zikavuma. "Hakwenda popote. Asiyekuwepo ni mimi. Haya niliyosoma sikuyasema mimi, nilipewa niyasahihishe, sikuyasoma mpaka leo. Mama alifia mikononi mwa huyu."

Mshereheshaji aliwasha muziki, akauzima haraka. Kule nyuma Bwana Maswali ameinamisha kichwa, na hakuna aliyemjua isipokuwa mimi. Nikateremka jukwaani, nikaenda kuchuchumaa mbele ya mdogo wangu.

"Nisamehe," nikamwambia. "Nakala zote nitazichoma. Kitaandikwa upya. Niambie tu siku ile ilikuwaje."

"Unataka kujua kweli, dada?"

"Nataka."

Akakikunja na kukikunjua kitambaa chake. "Mwishoni mama alikuwa haoni. Asubuhi akaniuliza, dada yako kafika? Nikamwambia kafika, huyu hapa. Akanyoosha mkono. Nikampa wangu, nikanyamaza, asinitambue kwa sauti. Kutwa nzima sikusema neno." Akakitia mfukoni. "Akakuita lile jina lako la utotoni. Akatabasamu. Usichome kitu, dada. Mama mwenyewe ndivyo alivyojua."

Nikashindwa kumtazama usoni.

"Alisema lingine?" nikauliza.

"Alikushukuru kwa kuja."

Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwangu, hakijazimwa. Uwanja mzima ulisikia.