Mashine Mbili, Anwani Moja

"Toa kidole hapo, shemeji."

"Nikitoa utafanya nini?"

"Nitakaa mimi kwenye hicho kiti."

Hakutoa. Mdogo wa mume wangu, mkuu wa kitengo cha kompyuta cha hospitali nzima, mwenye digrii yenye fremu ukutani, alikuwa amekaa mbele ya skrini nyeusi. Mstari mmoja mweupe ulikuwa umeshaandikwa, unangoja kubonyezwa tu. Niliusoma mara mbili. Ilikuwa amri ya kufuta mashine iitwayo maabara2, na mwishoni ameongeza maneno ya kufuta na diski yake. Ukishabonyeza hapo, hakuna cha samahani.

Chumba chetu kina kompyuta moja ya chuma, kubwa kama kabati la vyombo. Ndani yake zinaishi mashine nane zisizoshikika kwa mkono: ya maabara, ya duka la dawa, ya mapokezi na nyinginezo. Hazina kitufe. Ukitaka mpya unaandika mstari, inazaliwa. Ukitaka ilale, mstari mwingine, inalala. Ndiyo kazi yangu, mwaka wa tisa huu, kwa diploma yangu isiyo na fremu.

Asubuhi ile shemeji alizalisha nakala ya mashine ya maabara, akaiita maabara2, ili ajaribie programu mpya. Hilo si kosa. Kosa ni kwamba aliiwasha bila kuikata kwenye mtandao wala kuibadilishia anwani. Tangu saa mbili hadi saa saba kasorobo, majibu ya vipimo yalikuwa yakiingia mengine huku, mengine kule, kama barua za wapangaji wawili waliopewa namba moja ya mlango. Karatasi ya "kata mtandao kwanza" niliibandika mwenyewe ukutani. Yeye akatundika kalenda juu yake.

Aliyegundua ni mpimaji wa maabara, mama mmoja tunayemwita Darubini kwa unene wa miwani yake. Alisimama mlangoni na koti lake jeupe, hataki kuketi.

"Kuna kichanga cha siku nne," akasema. "Umanjano umepanda mno. Jibu nimelituma saa tatu. Wodini wanaona la jana, wanasema mtoto hana neno, mama yake afungashe aende nyumbani."

"Si umewapigia simu?" shemeji akauliza.

"Kwa huyo nimepiga, kwa sababu alinitisha. Wengine arobaini sikumbuki hata chupa zao."

"Basi mtawapima upya. Damu si ipo?"

"Ipo, mwilini mwao," Darubini akasema. "Njoo uwatoboe wewe."

Shemeji akanigeukia, sauti imekuwa laini. "Shemeji, wageni wa mkurugenzi wanaingia saa nane kuuona huu mfumo. Nikifuta nakala, kila kitu kinakaa sawa."

"Kinaonekana sawa. Hiyo ya asili inawaonyesha madaktari majibu ya jana kana kwamba ndiyo ya leo. Ukifuta nakala, ya leo yaliyoangukia humo yamekwenda. Tunazima zote mbili, wodi zinarudi kwenye karatasi, mimi natoa majibu huku nayaingiza kule. Kazi ya saa tatu, nne."

"Uzime mfumo wageni wakiwa humu?"

"Hata mama mkwe angekuwa mmoja wao, ningeuzima."

"Mkuu hapa ni mimi."

"Ni wewe. Na barua yako ya kuomba kazi niliichapa mimi, makosa nikayatoa mimi. Mficha maradhi, shemeji, tena uko hospitali."

Akachomoa simu kwa mkono wa kushoto, kidole cha kulia bado kiko palepale. Akampigia mume wangu, akaiweka kwenye spika.

"Kaka, ongea na mkeo. Anataka kuniharibia."

"Mama watoto, kuna nini?"

"Mdogo wako anataka kufuta majibu ya damu ya wagonjwa arobaini, ili wageni wasijue kakosea."

"Vichanga wamo?" mume wangu akauliza.

"Wamo."

"Sasa mnanipigia niseme nini?" Akakata.

Shemeji aliitazama ile simu kama imemtemea mate. Akaishika kwa mikono miwili, ajaribu tena. Nikavuta kibodi.

Nilifuta mstari wake herufi moja moja, nikahakikisha hakuna iliyobaki. Nikaandika wangu wa kuzima nakala, nikabonyeza.

"Ukizima na ile nyingine nakuandikia ripoti," akasema.

"Andika. Saa uliyowasha nakala imehifadhiwa humu, na dakika yake. Tahajia nitakusaidia, nimezoea." Nikamwambia Darubini, "Wapigie wodi zote. Jibu lolote la leo lililo kwenye skrini wasiliamini. Kuanzia sasa ni karatasi."

Alikuwa ameshainua mkonga wa simu ya mezani.

Nikaizima mashine ya maabara. Saa saba na dakika nane. Nikaomba orodha: saba zinafanya kazi, mbili zimezimwa. Nikafungua diski ya nakala kwa kusoma tu, isiguswe na mtu, nikamsukuma shemeji kwa nyonga akanipisha kwenye kiti, nikaanza na kile kichanga.