Chapa Chini ya Pedeli

Jumanne ya kwanza ya Februari 1995, Teodora Shigela aliipindua baiskeli ya Mzee Chenge magurudumu juu mbele ya banda lake la ufundi, Kirumba, akaanza kuikwangua kwa msasa. Ilikuwa baiskeli ya gia, ya kupandia milima, yenye matairi manene, imepakwa rangi nyeusi juu ya nyekundu. Mwenyewe alisema aliinunua kwenye mitumba. Sasa alikuwa na mgeni wa kizungu apendaye vitu vya zamani, hivyo alitaka irudi kama ilivyotoka kiwandani.

Zamani Chenge alikuwa mtunza ghala wa chama cha msingi cha pamba huko Magu. Biashara ilipoachiwa huru akawa mnunuzi wa pamba, ana malori mawili na kitambi cha kulingana nayo. Alikuwa amesahau kwamba hata fundi ana baba.

Siku ya tatu nyekundu iliisha, ikatokea manjano. Chini ya ekseli ya pedeli kidole gumba cha Teodora kilikuta vitone vitatu na upinde. Ilikuwa chapa ya ng'ombe wa kwao. Alikaa chini.

Baba yake alikuwa bwana shamba. Mwaka 1984 wafadhili walikipa chama hicho cha Magu baiskeli moja ya namna hiyo, akakabidhiwa yeye. Naye, kama mfugaji yeyote aliyepewa mnyama wa kutunza, aliigonga chapa ya nyumbani kwa msumari ili isipotee. Ikapotea ghalani. Kamati ikasema mtu hapigi chapa kitu asichokusudia kukichukua, akafukuzwa kazi kwa wizi. Tangu hapo aliishi Buswelu, akienda kila mahali kwa miguu, na hakugusa tena usukani wa baiskeli yoyote. Teodora alikuwa hataki kingine duniani ila jina hilo la mwizi limtoke baba yake kabla hajafa.

Chenge alipopita kukagua, aliipapasa chapa, akasema isuguliwe kwa tupa mpaka pawe laini.

“Umesema niirudishe ilivyokuwa, mzee,” Teodora alimjibu. “Ilikuwa na chapa.”

“Piga tupa, mama.”

“Tupa ninayo. Sipigi.”

Chenge aliondoka akisema atakuja Jumamosi na fundi mwingine. Teodora akaimalizia. Breki za aina ile ile alizipata kwenye vyuma chakavu Mwaloni, manjano aliichanganya mwenyewe mpaka ikalingana. Ijumaa jioni haikubaki nati hata moja isiyo ya asili.

Jumamosi asubuhi Teodora hakuikuta bandani. Ilikuwa imekwenda kazini.

Wakulima wa Magu walisema ilifika saa moja, bila mtu juu yake, ikaegemea miti ile ile iliyokuwa ikiegemea zamani, shamba kwa shamba. Wakaieleza shida zao. Wanunuzi sasa walikuwa wengi na kila mmoja alikuja na mizani yake, lakini hakuna aliyekuja na dawa, wala wa kuwaambia wapulize lini. Mama mmoja, Odeta, aliitundikia kwenye usukani tunda la pamba lililoliwa na funza, ijionee. Ilimsikiliza mpaka mwisho, ikaenda kwa jirani. Jioni haikurudi Kirumba. Ililala Buswelu, mlangoni kwa mzee Shigela, baba yake Teodora.

Jumapili baada ya misa Chenge alifika hapo na polisi, kudai baiskeli yake. Teodora naye alikuwepo. Polisi alikuja na jalada la zamani, kwa kuwa baiskeli ya manjano ya gia ilikuwa ikitafutwa kituoni tangu 1984. Chenge alipoliona jalada alisema kumbe si yake, ni mali ya chama, na amefurahi imepatikana. Chama chenyewe kilishakufa. Polisi akaandika kwamba baiskeli iliyoibwa imekutwa kwa aliyeiiba. Teodora alisema imetoka mikononi mwa Chenge, akayarudia maneno yote ya bandani. Polisi alimsikiliza kwa adabu, akamjibu kwamba Mzee Chenge hayumo kwenye jalada.

Shigela alitoka ndani. Aliinama, akaipapasa chapa kwa muda.

“Breki zinashika?” alimuuliza binti yake.

“Zinashika, baba.”

“Miaka kumi na moja naitwa mwizi wa hii baiskeli, na siku zote hizo natembea kwa miguu. Basi leo naipanda.”

Akachomeka suruali kwenye soksi, akapanda. Polisi akaandika na hilo pia, chini ya kosa la kwanza. Baiskeli ilisubiri mzee akae vizuri, ikashika njia ya Magu. Chenge alikuwa amesimama katikati ya njia hiyo. Shigela alimpigia kengele, naye akapisha.