Radhi Chini ya Bati

Mama aliacha kusema na kaka yangu tangu siku kaka alipoiuza nyumba ya baba. Kaka akija kumwamkia pale chumbani kwangu, "Shikamoo, mama," mama hunigeukia mimi: "Mwambie huyo mtu kiti kile pale." Kiti kipo mbele ya macho yao wote wawili, nami nimesimama katikati na mwiko mkononi, napokea huku napeleka kule. Nilichoka, jamani. Ndoa yangu ilinishinda kwa sababu ya mdomo wangu, eti leo mdomo huohuo umegeuzwa daraja la watu wawili wenye akili zao timamu.

Kaka aliiuza nyumba wakati mama amelazwa hospitali. Alidanganywa na marafiki kwamba kuna biashara itakayomrudishia mara mbili, naye akadanganyika. Mama alipotoka wodini alikuta watu asiowajua wameanika nguo uani kwake. Hakulia. Alisema tu nimpeleke kwangu.

Baadaye moyo wake ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, akawa analala ameketi. Daktari alinivuta kando akaniambia tusimkatalie kitu anachokitaka. Nikarudi nikamuuliza mama anataka nini. Kaka alikuwa pale pale, ameinamisha kichwa.

"Mwambie huyo mtu," mama akasema, "mimi radhi siitolei kwenye chumba cha kupanga. Aniweke chini ya bati letu wenyewe, hapo nitafungua kinywa nimwambie nilicho nacho moyoni. Kama ni kizuri, kama ni kibaya, atakisikia huko."

Tangu hapo kaka hakuwa na mchana wala usiku. Yeye ni kinyozi, mikono yake imezoea wembe, lakini kuta za nyumba mpya aliyomwanzishia mama kwenye kiwanja kidogo alizipandisha mwenyewe, tofali kwa tofali, kila alipofunga kibanda chake. Ukuta wa nyuma ulienda upande. Nikamwambia, "Huu umeunyoa au umeujenga?" Alicheka kidogo tu, akaendelea kukoroga saruji. Alikuwa amekonda mpaka suruali anaifunga kwa kamba.

Siku ya kununua mabati tulikwenda wote wawili. Kaka alikodolea macho yale mekundu yenye umbo la vigae. Muuzaji naye, hodari wa kusifia, akasema ukiezeka haya hata maadui watakusalimia. Nikalibonyeza moja kwa kidole gumba, likabonyea. Loo! Bati gani hilo linaloogopa kidole cha mwanamke? Mama alikuwa amenipa maagizo: bati nene, jeupe, lisilo na rangi, maana rangi ni ya kucha. Kaka akasimama pale muda mrefu, mkono wake juu ya lile jekundu.

"Nilitaka akiliona afurahi," alisema.

"Atafurahi lisipovuja."

Tukachukua meupe manene. Fedha zilizobaki zilitosha misumari na mbao za kenchi za kubeba paa. Za dari hazikuwepo.

Fundi wa paa tulimwita Popo, kwa vile muda wote huwa ananing'inia juu. Alikuwa mwepesi, mwenye maneno mengi, na kazi yake hakuifanyia mzaha. Kenchi alizifunga kwenye ukuta kwa waya mnene, zile papi za kupigiliwa bati akazinyoosha kwa uzi. Kila bati alilipandisha juu ya mwenzake, akapiga misumari kwenye migongo ya mawimbi, kamwe si mabondeni maji yanapopita. Kaka alikuwa chini anampa mabati, viganja vimechanika. Mimi nilibaki kupiga kelele kwamba wanachelewa, maana mama nilimwacha na jirani, na asubuhi ile alikuwa ameshindwa kumeza uji.

"Bila dari, joto litawachoma," Popo alisema akiwa juu. "Subirini kidogo mpate mbao nyembamba."

"Joto tutalivumilia," kaka akajibu. "Dari itafuata."

Nami nikaunga mkono. Nani angesubiri dari? Kofia ya paa ilipopigwa msumari wa mwisho, tulikodi gari tukamleta mama siku ileile, saruji ya sakafuni bado inanuka ubichi. Kaka alimbeba mgongoni kutoka barabarani mpaka ndani. Mama alikubali kubebwa. Alikuwa amelaza shavu lake begani kwa kaka, na mimi niliyefuata nyuma na godoro nilianza kulia kama mjinga.

Tukamketisha kitandani, ukutani tumemwekea mito. Aliinua macho akalitazama bati kwa muda, akaangalia kila kona.

"Nipumue kwanza," aliniambia. "Nikipata pumzi nitamwita."

Akasinzia. Kaka akakaa mlangoni, hakuthubutu hata kwenda kunawa. Alasiri mbingu zikawa nzito, upepo ukapeperusha vumbi mpaka ndani. Mama akafungua macho, akanyoosha mkono. Kwa mara ya kwanza tangu nyumba ile iuzwe, hakuniangalia mimi.

"Baba, njoo," alimwambia mwanawe.

Kaka alikwenda kwa magoti. Na kabla hajafika kitandani mvua ikashuka. Haikuanza kwa matone. Ilimwagika kwa kishindo, bati lote, bila dari chini yake, likapiga kelele mara moja, nami nikawa sijisikii mwenyewe nikisema. Niliwaona tu. Mama amemshika kaka mkono kwa nguvu, kucha zimemzama, na midomo yake inakwenda. Alisema mengi. Kaka aliweka sikio mdomoni kwake, akatikisa kichwa, akapaza sauti, "Sisikii, mama! Sisikii!" Nami nikapanda kitandani, nikainama upande wa pili, nikasikia pumzi yake ya moto shavuni na mvua, mvua tu. Usoni sikuweza kusoma kitu. Machozi yalikuwepo, lakini mtu hulia kwa kusamehe na hulia kwa kulaani.

Halafu midomo ikatulia, na ule mkono ukalegea.

Watu waliokuja msibani waliniambia haraka haraka haina baraka. Nilitamani kuwazaba makofi. Hawakumwona kaka pale mvua ilipokatika na nyumba ikanyamaza mpaka tukasikia kuku wa jirani.

"Imeacha, mama," alimwambia. "Sema sasa."

Nilimfumba mama macho mbele yake, na yeye bado alikuwa ametega sikio mdomoni.