Nepi Zisizo na Doa

Asubuhi hiyo Mama Povu aliinama juu ya beseni, akaifunua nepi ya mjukuu wake na kuinyanyua ili majirani waione. Ilikuwa nyeupe, na kilichokuwamo kilikuwa cheupe pia, kama chaki iliyolowa. Katika ukoo wa madobi hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

"Huyu kazaliwa dobi," alisema. "Hata mavi yake hayatii doa."

Majirani wakamvika kilemba cha ukoka, naye akakivaa. Mkaza mwanawe, mama wa mtoto, hakucheka. Aliyaona macho ya kichanga yalivyokuwa ya manjano, na mkojo ulivyokolea kama chai isiyotiwa maziwa. Alikwishampeleka kliniki, ile ile waliyokuwa wakiifulia mashuka. Nesi hakufungua nepi. Alisema manjano ni kawaida ya vichanga, amwanike juani kila asubuhi, yataondoka yenyewe.

Basi walimlaza kwenye beseni kavu chini ya kamba, katikati ya nguo. Jua lilipomwakia, manjano yalipanda yakaingia kwenye mashuka, kuanzia pindo la chini. Mtoto mwenyewe hakupungua rangi hata kidogo. Mama Povu hakushangaa. Doa ni doa. Alijaribu limau, chumvi na maji ya moto, na lilipogoma kutoka akamlaumu mkaza mwanawe kwa kusuuza ovyo.

Kliniki ikalalamika, na daktari akaja mwenyewe. Daktari haji nyumbani kwa mtu kuona mtoto, lakini mashuka yana wenyewe. Alilishika shuka, akalinusa.

"Nyongo hii," alisema. "Mrija wa kutoka kwenye ini umeziba. Haifiki tumboni kukipa choo rangi, ndiyo maana inatafuta pa kutokea."

Mama wa mtoto aliuliza mwanawe afanyiwe nini. Daktari akamjibu kwamba yeye kaja kwa ajili ya mashuka. Mtoto aletwe siku yake ya chanjo, na hadi hapo aanikwe mbali na kamba. Mama alitaka kukimbilia hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Mama Povu akasema daktari akishasema, kasema.

Siku ya chanjo ilipofika, tumbo la mtoto lilikuwa limevimba na kuwa gumu. Ndipo wakaandikiwa hospitali kubwa. Mpasuaji alimpapasa, akanawa mikono. Alieleza bila haraka kwamba wangewahi, angeuunganisha utumbo na ini, nyongo ikapata njia. Sasa ini limeshakauka.

"Mlikuwa wapi siku zote?"

"Juani," alisema mama. "Tulikuwa juani, daktari."

Mtoto akafa. Mashuka yakarudia weupe wake, na kliniki ikamtumia Mama Povu pongezi. Mama wa mtoto alilia kila alipofua, na machozi hayakuharibu nguo yoyote.

Siku moja alipopeleka mzigo alimkuta nesi akimweleza mzazi mwingine habari za jua. Akapiga moyo konde, akamwuliza yule mwanamke choo cha mtoto kina rangi gani.

"Cheupe pee," alijibu kwa furaha. "Wala hachafui."

"Usimwanike, dada yangu. Mpeleke hospitali kubwa leo."

Nesi akamwambia mzazi asisikilize maneno ya madobi, aende zake. Kisha akaliona shuka la juu: manjano yalikuwa yameshaingia pembeni, upande alipopakatwa yule mtoto. Akausukuma mzigo wote mlangoni, ukafuliwe upya kabla ya jioni. Mama akaubeba. Nje, yule mwanamke alikuwa ameketi ukutani, anamvua mwanawe nguo ili jua limpate vizuri.