Na Mara Nane Je?

…na mara sita ni 857142, tarakimu zile zile sita, hakuna iliyotoka wala iliyoingia, zimebadilishana viti tu kama wazee hawa waliobanana kwenye makochi ya Mjomba Dzoro hapa Mbaraki, na Mbodze anajua fika kwamba wakati wa hesabu si huu, maana mjomba amesimama mbele yake na gilasi ya soda, zamani ingekuwa pombe ya mnazi lakini mjomba ameokoka, na ameshauliza, "Mwanangu, wageni hawa wametoka Kisumu kwa ajili yako, kinywaji hiki tunywe, ama tusinywe?", akisema wanywe ameolewa, akisema wasinywe wageni warudi Mwembe Tayari wakatafute basi, hata wapishi wametoka jikoni kuja kusikiliza, na yeye kichwani ana 142857, nambari aliyoiona kwenye kontena bandarini anakofanya ukarani, akaizidisha kwa mbili ikawa 285714, kwa tatu 428571, inajizungukia tu, akaipenda vile mtu anavyopenda paka, bila sababu… "Mbodze, mwanangu, gesi inaisha," anasema mjomba… gesi, ndiyo, Morgan naye alikuwa gesi tupu, yule mchumba wa kwanza, alipoonyeshwa nambari aliuliza inasaidia nini, kwani yeye Morgan alikuwa anasaidia nini… shida ni saba, saba ndiyo inayomnyima usingizi, zidisha kwa saba upate 999999, sura zote zimefutika, tisa tupu, na ndoa isije ikawa ndiyo hiyo saba, aingie Mbodze atoke mke wa fulani, mama fulani, tisa kama tisa wenzake, anamtaka Ogutu, huyu mchumba wa leo, na anaogopa, ndio ukweli wenyewe… "Haya zimemshika, mwacheni," anasema shangazi Kanze, haya gani, shangazi… na Ogutu pale pembeni, dereva wa kreni, jasho linamtiririka ndani ya suti ya kuazima, siku alipoonyeshwa zile tisa hakucheka wala hakuuliza faida, alijikuna kichwa akasema, "Na mara nane je?", na Mbodze hakuwahi kujaribu, alidhani saba ndio mwisho wa mambo, hebu, nane mara saba hamsini na sita, sita andika, tano beba, nane mara tano arubaini, na tano… 1142856, imeharibika kabisa, tarakimu saba, moja imejitokeza mbele kama mgeni aliyekosa kiti, lakini ngoja, mtoe huyo wa mbele, mjumlishe kule nyuma, sita na moja saba, 142857, mama yangu, imerudi, imerudi nzima, baada ya zile tisa zote kila mmoja yuko kitini pake, na mtu aliyeuliza ni mmoja tu, yule anayejifuta jasho kwa tai… na mara tisa je, hapana, hiyo wataitafuta wawili… "Mbodze?" anasema mjomba, gilasi ingali mkononi, mapovu yameisha, hakuna aliyekunywa, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Mbodze anasikia kiu.