Maji ya Koliyak

Kokila alikifudikiza kikombe chake kabla Hansa hajamimina chai.

Tulikuwa watatu tu jikoni kwa Hansa, Ahmedabad. Tulisoma darasa moja tangu tukiwa wasichana wa nywele za mikia miwili, na hatukuwa tumekaa pamoja hivi kwa miaka mingi. Hansa, ambaye hata shuleni hakujua kunyamaza, alimwuliza Kokila kama siku hizi chai ya nyumba hii haiwafai wakubwa.

Kokila akacheka, kisha akatueleza. Mwanawe Pinakin alipokuwa mdogo aliugua homa ya ubongo. Siku alipopoteza fahamu, Kokila aliweka nadhiri: mtoto akipona, atakwenda Koliyak, mahali pa ibada ya mungu Shiva palipo ndani ya bahari, na atatembea kwa miguu yake mwenyewe mpaka kwenye bendera iliyosimikwa hapo. Mpaka siku hiyo hataonja chai. Mtoto akapona. Mume akasema wangoje sikukuu ya Diwali ipite, na Diwali zikapita nyingi, halafu magoti ya Kokila yakaharibika. Sasa Pinakin anaoa wiki ijayo.

"Kila nikimtazama naogopa," alisema. "Mimi nilipewa. Nilichoahidi sijatoa. Nitasimamaje kwenye harusi yake?"

Hansa alizima jiko. Alimpigia simu binamu yake wa Bhavnagar, mji ulio karibu na Koliyak, akaambiwa bahari itakupwa mchana na maji yatarudi kabla ya jua kuzama.

"Inuka," akamwambia Kokila.

"Leo? Hata mume wangu sijamuaga."

"Amekungojesha miaka yote hii. Naye leo angoje chakula chake."

Nilifunga chapati za uwatu na achari, nikachukua msala wangu, nikapiga bismillahi, tukaondoka. Nywele za Hansa, aliyeoga harakaharaka, zilikuwa bado zinatiririka maji.

Baada ya Dholera nchi ilinyooka, ikawa haina mti wala nyumba, ardhi imepasuka na chumvi inang'aa pembeni. Ghafla swala weusi, wale wenye pembe za kujisokota, walivuka barabara mbele yetu. Waliruka juu mmoja baada ya mwingine, kana kwamba ardhi inawarusha. Hansa alizima gari katikati ya njia. Aliegemea usukani mpaka wa mwisho alipopotea kwenye nyasi, na mimi nikasema subhanallah kwa niaba yetu sote.

Bhavnagar ndiko tulikokosea. Hansa alisema kupita mji ule bila kula gathia, vile vijiti vya unga wa dengu, ni dhambi ambayo hata Shiva atatuuliza. Foleni ilikuwa ndefu, gathia zikikaangwa papo hapo, na pilipili, na papai bichi, na mimi nami nikaagiza mara ya pili. Kokila hakula. Alikaa upande wa mlango, anatazama kivuli cha paa kikisogea barabarani. Nilipokiona nilichokuwa nikimfanyia, niliisukuma sahani kando.

Tulipofika Koliyak, bahari haikuwepo.

Sijui nieleze vipi. Tangu utotoni nimesoma habari za Nabii Musa na bahari iliyofunguka, na niliamini. Lakini sikuwahi kuwaza kwamba sakafu ya bahari ina nyayo za ndege, wala kwamba kaa huchimba humo vishimo vyao bila haraka, kama watu waliopanga nyumba na kulipa kodi. Tope lilimeremeta mpaka mwisho wa macho. Huko mbali, bendera ilisimama juu ya jukwaa la mawe. Watu walikwenda na kurudi, wakibeba mashada ya maua ya rangi ya chungwa ya kuweka pale. Nilivua viatu. Nilihisi kwamba nimeruhusiwa kuingia mahali ambapo kwa kawaida anakaa Mwenyezi Mungu peke yake.

Tukaenda, Kokila katikati. Tope lilimshika kila hatua, naye aliung'oa mguu kwa mikono. Tulipofika karibu nusu ya njia, watu wote walikuwa wanarudi. Mzee mmoja mwenye kikapu kitupu mkononi alitwambia maji yamegeuka, tusisogee tena.

"Panda mgongoni kwangu," Hansa akamwambia. "Nitakimbia nawe mpaka kwenye bendera."

"Nilisema kwa miguu yangu."

"Mungu anajua magoti yako yalivyo."

"Anajua. Na mimi ninajua nilichosema."

Akapiga hatua nyingine, goti likakataa, akaketi topeni. Nilimshika bega. Hakulia. Alikuwa akiitazama bendera kama mtu anayetazama gari likiondoka na mtoto wake ndani. Nilimwomba Mungu, kwa maneno niliyoyazoea, asimwache mama huyu arudi mikono mitupu.

Maji hayakuja kwa mawimbi. Yalikuja kimya, membamba, kama mtu anayetandika shuka akiogopa kuamsha aliyelala. Yaliyazunguka mawe kule mbele, yakapanda jukwaa, yakaendelea kuja kwetu. Na juu yake yalibeba kitu. Kokila ndiye aliyekiona kwanza.

Yalikuwa maua. Mashada yote yaliyowekwa pale yalikuwa yamefunguka, na petali za rangi ya chungwa zilisambaa juu ya maji, nyingi, zinakuja. Zilifika kwenye miguu yake, zikakwama katikati ya vidole.

"Yametoka kule," alisema taratibu. "Rashida, yametoka kule. Nimeshindwa kufika, yamenifuata."

Aliinama mpaka paji la uso likagusa maji. Sikuabudu alichoabudu yeye, lakini nami niliingiza kiganja majini, kwa kuwa bahari ni ya Mwenye kuisogeza, na nilikuwa nimeona ikisogezwa. 

Kokila akafunga petali chache kwenye pindo la sari, za kumtia Pinakin mfukoni siku ya harusi. Kisha akainuka mwenyewe, na tukarudi, maji yakitufuata visiginoni.

Ufukweni palikuwa na kibanda cha chai. Hansa hakuagiza, alingoja. Kokila akaagiza mwenyewe. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akaunguza ulimi, akakunja uso.

"Sukari yote hii? Ndivyo mlivyokuwa mnakunywa miaka yote?"

Nyuma yake bahari ilikuwa imejaa, na hapakuonekana kitu isipokuwa bendera. Akakinywa mpaka chini, akakisogeza mbele kiongezwe.