Mke wa Kwenye Faili

Mimi ndiye niliyetia sahihi. Naanza na hilo kabisa, msije mkanionea huruma mahali nisipostahili.

Naitwa Kristiana. Valerian ni mdogo wangu, tumbo moja. Nyumba ninayoizungumzia ni yake na mkewe Fransiska, hapa Kizwite, Sumbawanga mjini. Ina vyumba vinne vya mbele na viwili vya uani. Kimoja cha uani nakaa mimi na mashine yangu ya kufumia masweta ya shule. Nimekaa humo miaka sita, tangu mume wangu alipofariki na ndugu zake kule Matai wakanitoa na mabegi mawili. Fransiska ndiye aliyenipokea. Kodi hajaniomba hata siku moja.

Na nyumba ile ni jasho lake. Valerian alileta mabati na milango, sikatai. Lakini matofali yalitoka kwenye pombe ya ulezi aliyopika Fransiska miaka minne mfululizo, macho mekundu kwa moshi, anapumzika Jumapili tu aende misa.

Sasa, miaka miwili iliyopita Fransiska alishuka Ilemba kumuuguza mama yake. Siku ya tatu Valerian akaja chumbani kwangu, kanyoa ndevu, kavaa shati la kanisani.

"Dada, nina shida ndogo."

Shida ndogo! Alitaka mkopo anunue mahindi Laela wakati wa mavuno, ayaweke mpaka Februari, awauzie watu wa Kongo. Benki imekubali, nyumba inakuwa rehani, ila sheria inamtaka mke naye atie sahihi kwamba ameridhia. "Na mke wangu yuko Ilemba, simu haishiki, na mahindi yanaondoka. Wewe si kila siku unajiita mke mwenziwe?"

"Ule ni utani wa mawifi, Valerian."

"Basi tania dakika tano tu."

Nilikwenda. Ningemkataliaje mtu ninayelala kwake? Tulichukua kadi ya kura ya Fransiska, ile ambayo picha yake imefifia hata mwenyewe asingejitambua. Wakili akaniuliza, "Wewe ndiye Fransiska?" Nikasema ndiyo. Afisa mikopo, kijana wa Mbeya aitwaye Lutengano, akachukua picha yangu ndogo, akaibana kwenye faili na kusema, "Ahsante sana, mama." Tulipotoka Valerian akaninunulia soda.

Nilijua atamwambia mkewe akirudi. Yeye naye akategemea nitanyamaza. Fransiska akarudi kutoka msibani, maana mama yake hakupona, na katika nyumba ya kilio nani angeanzisha habari ya rehani? Wiki ikawa mwezi. Mwezi ukawa aibu. Nikajitia hamnazo.

Mahindi yakanunuliwa. Februari bei badala ya kupanda ikashuka. Nikamwambia uza, hata kwa hasara, uwapelekee benki chochote. Wapi! "Itapanda tu." Mpaka Aprili dumuzi walishaingia, ukishika gunia unga unakumwagikia miguuni. Rejesho la kwanza alilipa. La pili alilipa nusu. La tatu akazima simu.

Na hapo ndipo hasira yangu na mdogo wangu inapoanzia. Si kukosa hela, nani hakosi hela? Benki walipiga simu, akabadilisha laini. Lutengano akamfuata hadi Laela kwa gari la kazini, Valerian akatokea mlango wa nyuma wa mgahawa na chapati mkononi. Mwanamume mzima anamkimbia kijana mwenye faili! Mwaka mzima alipiga chenga hivyo, riba inapanda, adhabu inapanda, nyumbani anakula na kucheka.

Mwezi wa sita mwaka huu ikaja barua. Siku sitini, usipolipa nyumba inakwenda kwa dalali, inauzwa. Valerian akaificha chini ya godoro la stoo. Zilipobaki siku kumi na mbili ndipo akili ikamrudia, akaenda mwenyewe benki. Na unajua Lutengano alimwambia nini? Kwamba angekuja mara ile ya kwanza aliposhindwa, yangekuwa mazungumzo ya nusu saa. Hata hivyo bado inawezekana: mkopo upangwe upya, ulipwe kidogo kidogo kwa miaka mitano, ilimradi aonyeshe hela inayoingia kila mwezi, na waje wote wawili, mume na mke, watie sahihi upya mbele ya meneja.

Akaja kunieleza hayo uso umechangamka. "Kwa hiyo, dada, Alhamisi."

"Alhamisi kuna nini?"

"Si tunakwenda kusaini."

Mungu wangu! Nilimrushia bobini ya uzi. "Una wazimu? Mke wako yupo hapo jikoni, mzima, anatembea! Nenda kamwambie!"

"Nikimwambia anakwenda mahakamani, na sisi tunakwenda polisi," akasema. Kisha akaongeza, taratibu, "Picha ni yako, dada."

Hiyo ndiyo kauli aliyonipa, mtoto niliyembeba mgongoni.

Nilikaa kwenye mashine asubuhi nzima, sikufuma hata mkono mmoja wa sweta. Najua inavyokuwa watu wakikaa kugawana nyumba yako na wewe unawapelekea chai. Nilifanyiwa hivyo. Na sasa nilikuwa namfanyia mwenzangu. Nikainuka, nikaenda jikoni.

Fransiska alikuwa anapepeta ulezi.

"Wifi, nimekukosea."

Akacheka. "Umevunja nini tena, mke mwenzangu?"

Nikamwambia yote, mkopo, sahihi, barua, siku zilizobaki. Aliendelea kupepeta muda wote nikisema. Nilipomaliza akauliza, "Ilikuwa siku gani?"

"Ulipokuwa Ilemba."

"Siku gani, Kristiana?"

Miaka sita hakuwahi kuniita kwa jina. "Jumanne," nikasema.

"Mama alifariki Jumatano." Akaweka ungo chini. "Na kadi yangu mliitoa wapi?"

"Kabatini."

"Kabati la chumbani kwangu." Akatikisa kichwa, akainuka, akaenda kunawa mikono. Mimi nikabaki nalia peke yangu.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Valerian aliporudi alimwekea chakula mezani, akamwambia, "Ninajua," akaondoka. Kesho yake alikwenda kwa msaidizi wa sheria pale parokiani, akakaa huko saa mbili nzima. Alhamisi akavaa koti, akachukua cheti cha ndoa, akatuambia, "Tunakwenda wote watatu."

Lutengano alitukaribisha vizuri, akamwamkia kila mmoja, akafungua faili. Akanitazama mimi. "Mama Fransiska, kaa hapa mbele."

"Fransiska ni mimi," mke wa mdogo wangu akasema. "Huyo kwenye picha ni wifi yangu."

Yule kijana akatazama picha, akanitazama mimi, akamtazama Fransiska. Jasho likamtoka kwenye pua.

"Cheti changu cha ndoa hiki hapa. Ofisi hii sijawahi kuikanyaga," Fransiska akasema. "Nimeambiwa naweza kwenda mahakamani leo hii kuuzuia huo mnada, nanyi mtaeleza ilikuwaje mkamwozesha mume wangu dada yake."

Nilitamani ardhi ipasuke. Valerian anatazama viatu vyake. Lutengano akatoka karibu mbio, akarudi na meneja, mlango ukafungwa.

Nilidhani Fransiska atawamaliza. Angeweza. Angetuweka ndani mimi na Valerian, na kesi ikavuta miaka. Badala yake akasema, "Hela ililiwa, ingawa si na mimi. Silikimbii deni. Nataka muda, na nataka hizo adhabu mzifute, maana nisingezembea kama ningejua." Meneja akajaribu habari za taratibu za makao makuu. Fransiska akaanza kukunja cheti chake arudishe kwenye mkoba. Meneja akasema, "Kaa kwanza, mama, tuzungumze."

Walizungumza mpaka saa saba. Mnada ukasimamishwa. Mkopo ukawa wa miaka mitano, adhabu zikafutwa. Yeye naye akaahidi hatakwenda mahakamani, akatia sahihi kwamba ameridhia nyumba yake iwe rehani. Sijawahi kuona mtu akiridhia kwa uchungu namna ile. Aliandika jina lake herufi moja moja, kalamu inakwaruza karatasi.

"Na kipato cha kila mwezi, mama?" meneja akauliza.

"Kodi," akasema. "Nyumba ina vyumba."

Tulirudi kwa miguu, upepo unatupuliza vumbi usoni. Lakini moyoni nilikuwa mwepesi, niwaambie ukweli. Nyumba imepona. Nikasema Fransiska atanuna wiki, atanuna mwezi, mwisho atanisema sana na yatakwisha. Tulipofika nikachemsha chai, nikammiminia kikombe cha kwanza.

"Mwalimu Anyelwisye wa sekondari anahamia tarehe mosi," akasema. "Analipa miezi sita mbele."

"Afadhali! Basi kile chumba cha pembeni kipakwe rangi."

"Cha pembeni anachukua bwana mmoja wa halmashauri. Mwalimu anachukua chako."

Niliweka birika chini. Kwanza nilifikiri sijasikia vizuri.

"Wifi," nikasema, "ni kwa sababu ya deni, au kwa sababu yangu?"

Hakunikejeli. Alifikiri kweli kweli, kikombe mkononi. "Nimejaribu kuyatenganisha," akasema, "nimeshindwa. Rejesho halitoshi bila chumba chako. Lakini hata lingetosha, siwezi kukuona kila asubuhi." Akakiweka kikombe chini. "Nilikuwa nakupenda, Kristiana. Kuliko hata yeye. Hilo ndilo linaloniuma."

Alikuwa na haki kila upande nilikogeukia.

Valerian alikuwa amesimama mlangoni, amesikia kila neno. Nikamgeukia. Nyumba anayo, mke bado anaye, polisi hakwenda. Nikamngojea mdogo wangu aseme kitu, chochote, hata aniombee mwezi mmoja.

Akakohoa. "Dada," akaniuliza, "nikutafutie mtu wa guta akubebee mashine?"